Mtihani wa Kuketi

Ipo nchi moja, msihangaike kuitafuta kwenye ramani, ambayo serikali yake iliwapenda wafanyakazi kupita kiasi. Iliwapenda hivi kwamba haikuweza kuvumilia wazo la kuachana nao. Hapa kwetu mambo ya namna hiyo hatuyajui, kwa hiyo inabidi kuyaeleza taratibu.

Katika nchi hiyo palikuwa na karakana ya kushona bendera za taifa, na humo alikuwamo mwanamke aitwaye Mashavu binti Kirama, ambaye kazi yake ilikuwa kudarizi nyota. Alipoanza kazi, akiwa msichana mwenye macho makali, bendera ilikuwa na nyota moja kubwa katikati, unaidarizi huku unapiga soga. Lakini kila waziri mpya aliongeza nyota yake, na waliomtangulia hawakukubali zao zitolewe, basi nyota zikawa nyingi, na ili zienee zikawa ndogo, na mwisho zikawa ndogo kama chawa. Bi Mashavu alizidarizi zote. Sasa alikuwa mtu mzima wa mvi, na nyota alizifuata kwa ncha ya kidole, maana kwa macho aliona ukungu tu, kama mtu anayechungulia nje kupitia dirisha la jikoni lililojaa mvuke.

Hilo la macho alilificha karakanani. Mbali na daktari, alilijua mtu mmoja tu, mdogo wake Zamda, aliyebaki kwao Kwembago, milimani, kwenye kiwanja cha marehemu wazazi wao. Zamda alikuwa mjane kama dada yake, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu. Walikuwa wamekubaliana zamani kwamba Mashavu akistaafu watajenga nyumba ndogo ya vyumba viwili na baraza, waishi pamoja, mwenye miguu amtembezee mwenye macho, na mwenye macho amtazamie mwenye miguu. Na Mashavu alitaka jambo moja zaidi. Alitaka kuiona milima ya Kwembago kabla giza halijamfunika kabisa. Daktari alikuwa amemwambia asingoje sana.

"Da Kiroboto," Zamda alimwambia kwenye simu. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu utotoni, kwa jinsi dada yake alivyokuwa hatulii kitini hata wakati wa kula, na wengine wote waliolijua jina hilo walikwisha kufa. "Njoo basi. Mawe ya msingi yako hapa, kuku wanatagia katikati yake."

"Nakuja, mdogo wangu. Nangoja akiba yangu tu."

"Usipokuja nitakufuata mimi, na mguu wangu huuhuu."

Mashavu alicheka. Zamda hakucheka, kwa sababu hata kule milimani walishasikia habari za akiba.

*

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Waziri wa Akiba, Elimu na Kesho, Mheshimiwa Profesa Daktari Lugendo Makaranga, aliona kwamba wafanyakazi wa nchi yake wanazeeka bila mpango. Akaamua kuwavutia. Mfanyakazi atakayeweka sehemu ya mshahara wake kwa ajili ya uzee, sehemu hiyo haitatozwa kodi. Na atakayejiendeleza kimasomo huku anafanya kazi, kodi yake itapunguzwa tena. Lilikuwa jambo jema ambalo hakuna mwenye akili angelikataa. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba kodi yenyewe ilikuwa ndogo na nafuu iliyotolewa juu yake haikuonekana. Basi kodi ikapandishwa, ili nafuu ipate mahali pa kusimama.

Mpango ulikuwa wa hiari. Maofisa wa hiari walizunguka viwandani wakiwa wameongozana na askari, ambao kazi yao ilikuwa kuwasaidia wanaosita. Bi Mashavu hakusita. Alikuwa kijana bado, na wazo kwamba kuna mahali uzee wake unatunzwa lilimfurahisha kweli.

"Ndugu wafanyakazi," Mheshimiwa alisema siku ya uzinduzi. Alikuwa amevaa joho la masomo juu ya suti, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa bado mwanafunzi katika vyuo kadhaa, na kwa sababu hiyo hakuwahi kulipa kodi tangu ujana wake. "Anayeweka akiba anampenda mzee ambaye hajakutana naye. Mzee huyo ni wewe. Na serikali inampenda mzee huyo kuliko unavyompenda wewe. Kwa hiyo, ndugu zangu, serikali haiwezi kumkabidhi fedha ovyoovyo."

Watu walipiga makofi. Maneno yale ya mwisho hayakumshtua mtu, maana yalisemwa kwa upole.

Miaka ikaenda, watu wakaota mvi, na wachangiaji wa kwanza walipokwenda kuulizia chao waliambiwa kwamba sheria imeboreshwa. Wataalamu wa wizara walikuwa wamegundua kuwa wastaafu wa zamani walistaafu bila ujuzi wowote. Walikwenda nyumbani, wakaketi, na baadaye wote, bila kubakiza hata mmoja, wakafa. Hiyo ilionyesha wazi kwamba hawakufundishwa vizuri. Ndipo mipango miwili ikaunganishwa kuwa mmoja, na kustaafu kukawa fani ya kusomewa. Chuo cha Taifa cha Kustaafu kikajengwa kwa fedha za akiba, kwa kuwa akiba ilikuwa imekaa tu. Tangu hapo mtu hakuruhusiwa kugusa akiba yake bila cheti cha chuo hicho, na aliyestaafu bila cheti alitakiwa kurudisha nafuu zote alizopewa tangu aanze kazi, pamoja na riba na shukrani.

Mtu wa mwisho kutoka karakanani kwenda chuoni alikuwa Mzee Bushiri, mkata vitambaa. Aliondoka meno nje, kalamu mbili mfukoni. Hakurudi karakanani na wala hakuonekana kwao. Wenzake walisema pengine masomo ni magumu.

*

Barua ya Bi Mashavu ilifika mikononi mwa msimamizi wa karakana, Bwana Hemedi Sozi, mtu mnene mwenye moyo mwepesi. Aliusoma mstari wa kwanza, uliosema kwamba Mashavu binti Kirama ameteuliwa kuingia katika hatua ya kustaafu. Hakuendelea, kwa sababu huko chini lugha ilikuwa ya kiserikali, na pia kwa sababu machozi ya furaha yalikuwa yameshamlenga. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akawapitia wafanyakazi mmoja mmoja na kuwanong'oneza kwamba Bi Mashavu anaondoka, wajiandae, yeye asijue.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Mtu akiondoka kwa uzee, kila mwenzake humletea bati moja la kuezekea. Bati hilo huandikwa jina la mtoaji kwa rangi, upande wa ndani, ili mstaafu akilala chali kitandani mwake aone majina ya watu aliofanya nao kazi. Dari haiwekwi. Watu wa karakana waliidharau nyumba yenye dari, wakasema mwenyewe hana marafiki. Lakini ilikuwa imepita miaka chungu nzima bila mtu kuagwa, maana Mzee Bushiri alisema waje wamuage akimaliza chuo. Watu walikuwa na mabati yao uvunguni mwa vitanda tangu walipoajiriwa, mengine yameanza kutu ukingoni, na walikuwa na hamu mpaka basi.

Ijumaa hiyo cherehani zilizimwa mapema. Pilau ilitoka, soda zikatoka, na mabati yakaingizwa yakipiga kelele sakafuni kama radi. Bi Mashavu alipigwa na butwaa. Hakuweza kuyasoma majina kwa macho, lakini rangi ilikuwa nzito, na kidole chake kilikuwa kimezoea nyota ndogo kuliko herufi hizo. Alipitisha kidole bati baada ya bati, akitaja kwa sauti: Hemedi Sozi, Tatu Mgalu, Chande, Mwajuma wa vifungo. Walidhani anafanya mzaha kwa furaha, wakacheka na kushangilia.

"Mama huyu," Bwana Sozi alisema, kijiko cha pilau mkononi, "ametushonea nchi nzima. Kuanzia leo asishone tena hata kifungo. Bi Mashavu, tunakustaafisha kwa moyo mmoja."

Bi Mashavu alilia waziwazi. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu aolewe, na akilini mwake paa la Kwembago lilikuwa limekwisha kuezekwa.

Karibu na mlango alikuwa amekaa kijana mmoja mtanashati ambaye kila mmoja alidhani amealikwa na mwingine. Alikula sahani mbili. Kisha aliomba mabati yapinduliwe vizuri, upande wa majina juu, akayapiga picha moja moja, akamshukuru mpishi, akaondoka.

*

Jumatatu gari la wizara lilimfuata. Ofisini kijana mtanashati alimkaribisha kiti, akamwamkia shikamoo, akamletea chai. Alikuwa Ofisa wa Kuzuia Ustaafu Holela.

"Mama, ulipokea mabati?"

"Nilipewa, mwanangu. Ni zawadi."

"Zawadi ya kuondokea kazini ni mafao. Umepokea mafao kabla ya cheti."

"Nani kanipa mafao? Mafao hutoa serikali. Hawa ni wenzangu tu."

"Hapo ndipo ubaya ulipo," kijana alisema kwa masikitiko ya kweli. "Wenzako wamefanya kazi ya serikali. Wamekustaafisha bila sifa, tena kwa moyo mmoja, msimamizi ametamka. Na bahati nzuri kila mshiriki ameandika jina lake mwenyewe, kwa rangi isiyofutika. Mimi katika kazi hii sijawahi kupata washtakiwa waaminifu namna hii."

Bi Mashavu hakujiwazia yeye. Aliwaza vidole vyake vilivyopita juu ya yale majina, na jinsi alivyoyataja kwa sauti mbele ya kijana huyu.

"Waacheni hao. Chukueni mabati."

"Mabati tumeshachukua. Ni kielelezo. Lakini usihofu, mama, serikali hii haifungi wafanyakazi wake. Inawasomesha. Wote wameandikishwa masomo ya jioni ya maadili ya kuagana, na kodi yao imepunguzwa kwa ajili hiyo. Wewe barua yako ya chuo ilikuwapo tangu awali, ila msimamizi wako hakuimalizia. Ungekuja kwa basi. Sasa utapelekwa kwa gari."

Kabla ya kukabidhi simu yake, maana kupokea simu ni dalili ya kuwa bado kazini, aliruhusiwa kupiga mara moja. Alimwambia Zamda kwamba anakwenda masomoni kidogo, na atafika kabla ya mvua.

"Masomo ya nini, na uzee huo?" Zamda aliuliza.

"Ya kuketi."

"Wewe? Kuketi? Basi, Da Kiroboto, hutoki huko."

*

Chuo cha Taifa cha Kustaafu kilikuwa na ukuta mrefu uliopakwa rangi ya maziwa, na juu yake vipande vya chupa, ili wasiosajiliwa wasije wakaiba elimu. Wazee walikuwa wengi na kimya. Asubuhi ya kwanza Mkufunzi Fikirini, kijana mwenye shahada ya uzamili ya Uzee, ingawa ndevu zake zilikuwa bado hazijaamua, aliita majina.

"Bushiri Mwinchande?"

"Yupo," darasa zima likajibu kwa sauti moja.

Bi Mashavu alinyoosha mkono, akapapasa kiti baada ya kiti hadi akaligusa koti la Mzee Bushiri, lile lenye kiraka cha kitambaa cha bendera kwenye kiwiko. Koti lilikuwa limening'inizwa kwenye mgongo wa kiti. Kitini palikuwa na vumbi.

"Mwenyewe yuko wapi?" akamnong'oneza jirani yake.

"Tulimzika."

"Mbona mmemuitikia?"

"Hajaleta barua ya kuacha masomo."

Mkufunzi Fikirini aliwasikia. Hakukasirika. "Bi Mashavu, marehemu ni mchangiaji kama wachangiaji wengine. Nafuu yake ya kodi bado inaendelea, na mahudhurio yake kwa kweli yamekuwa bora kuliko alipokuwa hai. Tusimkatishe tamaa."

Majina yakaendelea kuitwa, na darasa likaendelea kuitikia, na Bi Mashavu akatega sikio kujua ni majina mangapi yenye mwenyewe kitini na ni mangapi yanayoitikiwa na wengine tu. Baadaye aliacha. Aliogopa kujua.

Masomo yalikuwa mengi, kulikuwa na Kusinzia Mchana, Kusimulia Mambo Yaleyale, na Kupokea Wageni Wasiokuja, lakini mtihani ulikuwa mmoja. Mwanafunzi aliwekwa kitini asubuhi, mikono magotini, akatakiwa aketi mpaka kengele ya jioni bila kuinuka. Bi Mashavu alishindwa mara ya kwanza, akaambiwa hajaiva, arudie. Alifanya mazoezi. Yeye ambaye mama yake alikuwa akimfunga kanga kiunoni na kuifundika kwenye mguu wa meza ili ale ugali, alijifunza kuketi. Aliuma meno, akawaza milima, na safari hii kengele ililia yeye hajainua hata kisigino.

"Hongera sana," Mkufunzi Fikirini alisema. "Kuketi siku nzima bila kutikisika kunataka mgongo wenye nguvu na akili tulivu. Mtu mwenye mgongo wenye nguvu na akili tulivu anafaa kazini. Wizara haiwezi kumstaafisha mtu wa namna hiyo."

"Kwa hiyo nimefaulu au nimefeli?"

"Umefaulu kutokustahili. Utarudia, mama, na safari hii ujitahidi kidogo tu."

Basi alirudia, na wengine walirudia, na viti vyenye makoti viliongezeka. Mvua za Kwembago zilikuja na kupita. Asubuhi moja Bi Mashavu alifumbua macho akangoja ukungu wake wa kila siku, lakini ukungu haukuja. Aliketi kitandani akijigusa kope kwa vidole kuhakikisha kwamba ziko wazi. Kisha akalia, si kwa kelele. Hakuwa na wa kumlaumu aliyekuwa karibu.

*

Wageni ndio waliobadili mambo. Walitoka nchi za mbali, watu wazuri wenye kofia, na walikuwa wamesikia kuwa nchi hii ina mpango wa akiba na elimu usio na mfano. Waliomba kitu kidogo tu. Waliomba wamwone mstaafu.

Wizara ilitafuta. Mafaili yalipekuliwa, simu zikapigwa mikoani, na ikabainika kwamba nchi nzima haikuwa na mstaafu hata mmoja. Ilikuwa na wachangiaji, ilikuwa na wanafunzi, na ilikuwa na wale waliokuwa wakiitikiwa. Mheshimiwa Makaranga alikuja chuoni mwenyewe, joho likiburura vumbi, akapita mbele ya wazee waliopangwa mstari, akasimama mbele ya Bi Mashavu.

"Huyu haoni?"

"Haoni, Mheshimiwa," Mkufunzi Fikirini alijibu. "Hakuja hivi. Ni matunda ya masomo."

"Safi sana. Asiyeona hatatangatanga." Akaushika mkono wa Bi Mashavu, na sauti yake ikawa ya upole uleule wa siku ya uzinduzi. "Mama, nasikia una ndoto."

Bi Mashavu alimwambia. Alimwambia habari za Kwembago, nyumba ya vyumba viwili, mabati ya wenzake, na mdogo wake Zamda. Alisema yote kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Yote utayapata," Mheshimiwa akasema. "Keti vizuri mbele ya wageni hawa, mpaka kengele ilie, na cheti nitakutilia saini mimi mwenyewe hapohapo. Kesho yake gari litakupeleka milimani."

Na yote aliyapata kweli. Katikati ya uwanja wa chuo ilijengwa nyumba ndogo ya vyumba viwili na baraza, ikaezekwa kwa mabati yake mwenyewe, majina upande wa ndani, kielelezo kikarudishwa kutoka mahakamani kwa mkopo. Kwenye ukuta mrefu mbele ya baraza mchoraji alichora milima. Mtu mmoja aliajiriwa apande ngazi nyuma ya nyumba na mpira wa maji, ili kila Jumatano wastani wa mvua uwe sawa na wa Kwembago. Na kwa kuwa mstaafu alitaka mdogo wake, nafasi ya mdogo wa mstaafu ilitangazwa, wakajitokeza waombaji, akachaguliwa dada mmoja mwenye stashahada.

"Dada," alisema dada yule asubuhi ya siku ya wageni, akimkalisha barazani na kumfunika kanga magotini. Sauti ilikuwa nzuri. Mkono ulikuwa laini kama wa mtoto, haujawahi kushika jembe.

"Wewe si Zamda."

"Ni kwa leo tu, mama. Na mimi nina mtihani wangu."

Bi Mashavu alipiga moyo konde. Siku moja tu ya kuketi, akawaza, na mtu aliyeketi siku nyingi hivi hawezi kushindwa na moja. Aliweka mikono magotini. Alisikia viatu vya wageni kwenye kokoto, sauti zao za chini, kamera zao. Alisikia Mheshimiwa akieleza kwamba mama huyu ni mmoja tu kati ya maelfu. Alisikia mvua ikifunguliwa juu ya paa, na ingawa alijua ni mpira, moyo ulimuuma kwa utamu wake, maana bati lilikuwa bati la kweli na lilisema kama bati. Jua lilivuka paa kutoka nyuma ya nyumba, likamjia usoni. Hakutikisika. Kengele ilikuwa inakaribia, kwa maana alisikia hatua za mlinzi akienda kuishika kamba.

Ndipo sauti ikatoka getini, ya mwanamke aliyechoka na safari, inayogombana na askari.

"Cheti cha nini? Cheti cha kuwa mdogo wake? Nimezaliwa naye, baba. Sogea." Na kisha, kwa nguvu zake zote: "Da Kiroboto! Da Kiroboto, uko wapi?"

Jina lile halikuwa katika mafaili ya wizara wala katika masomo ya dada mwenye stashahada. Bi Mashavu aliinuka. Hakuamua kuinuka, miguu iliinuka yenyewe, kama zamani kwenye meza ya mama yake, na kanga ikaanguka chini. Akatembea mikono mbele, juu ya kokoto, kuelekea ile sauti, na wageni wakampisha njia, na wengine wakafuta machozi wakidhani ni sehemu ya ratiba. Alipofika getini mikono miwili migumu, yenye sugu, ilipita kati ya nondo ikamshika uso.

Nyuma yake kengele ikalia.

"Mstaafu ameinuka kabla ya kengele," Mkufunzi Fikirini alisema taratibu kwa mwandishi wake. "Andika, hajaiva."

*

Wageni walifurahi mno. Waliahidi msaada wa kujenga ukuta mwingine. Mheshimiwa, aliyeguswa na machozi yao, aliamuru kwamba nafasi ya mdogo wa mstaafu apewe mdogo mwenyewe, mradi tu afuate utaratibu. Zamda aliambiwa anaweza kurudi Kwembago peke yake leo hii, au anaweza kuingia ndani kama mwanafunzi na kuwa na dada yake. Aliweka kidole gumba mahali alipoonyeshwa. Hakuuliza kozi ni ya muda gani, na hakuna aliyemwambia.

Kesho yake majina yakaitwa. "Zamda binti Kirama?" Darasa zima likajibu, "Yupo," na kweli alikuwapo, mguu wake mbovu ameunyoosha, ameketi kwenye kiti cha Mzee Bushiri, mgongo juu ya koti lake, kwa kuwa hapakubaki kiti kisicho na koti. Miongoni mwa walioitikia zilikuwamo sauti ambazo Bi Mashavu alizifahamu. Bwana Sozi alikuwa amemaliza masomo ya jioni na kupandishwa kuja ya mchana.

Jumatano wawili hao hukalishwa barazani, maana wageni wa namna hiyo sasa huja kila mara. Jumatano yao ya kwanza pamoja, Bi Mashavu aliuliza kwa sauti ya chini, midomo haichezi, kama walivyofundishwa.

"Imekaaje hiyo milima yao?"

Zamda aliutazama ukuta. Rangi ilikuwa imeanza kubanduka. "Wamekosea. Wameiweka upande linakochwea jua."

"Ya kwetu iko wapi?"

Zamda akauchukua mkono wa dada yake kutoka magotini, akakinyoosha kidole chake, kile cha nyota, akakielekeza juu ya ukuta na vipande vya chupa, mbali na mchoro, upande wa mashariki. "Pale. Ukifuata kidole hiki moja kwa moja, unafika kwenye mawe yetu."

Bi Mashavu alikiacha kidole pale, uso ameuelekeza hukohuko, akitabasamu kama mtu anayeona.

"Mikono magotini, akina mama," Mkufunzi Fikirini alisema.

Wakairudisha mikono magotini, na juu ya bati mwenye mpira akafungulia mvua.